BRNO ZKK 602 ya .375: uzoefu wangu wa kumiliki bunduki ya zamani Mwanza, na kama kweli ina thamani

Niseme mapema. Kama unataka bunduki ya zamani ya kuwindia ukidhani utaiweka miaka kumi kisha uiuze kwa faida hapa Mwanza, hela hiyo kanunulie kiwanja Buswelu au Kisesa. Soko letu halilipii uzee wa bunduki. Linalipia makaratasi na upatikanaji wa risasi. Uzee unalipiwa kwingine, kwenye minada ya Uingereza na Ujerumani, ambako mtu anaongeza bei kwa sababu ya mhuri mdogo kuliko punje ya mchele. Pamoja na hayo, yangu siiuzi.

Ni BRNO ZKK 602, kaliba (yaani kipimo cha mtutu na risasi yake) .375 Holland & Holland. Ilikuwa ya baba mdogo, aliyewinda kwa leseni upande wa Maswa enzi zake. Hizi ZKK zilitengenezwa Uherský Brod, Chekoslovakia ya wakati ule, kuanzia miaka ya 1960, na zilikuja za saizi tatu: 601 fupi, 600 ya kawaida, na 602 kwa risasi kubwa kama .375 na .458. Hii 602 ndiyo iliyosambaa Afrika, kwa askari wa wanyamapori na kwa wawindaji wasioweza kununua bunduki ya Mwingereza. Ina kilo nne na ushee. Ukiibeba kutwa nzima porini bega litakuambia, ila ukifyatua utashukuru kwa uzito huo.

Uzuri wake uko kwenye bolti, kile chuma cha kusukuma na kuvuta kwa mkono kinachoingiza risasi na kufunga nyuma ya mtutu. Ukiisukuma mbele polepole unaiona risasi inapanda kutoka kwenye magazini, na kitako chake kinateleza na kuingia chini ya ukucha mpana wa chuma ulio ubavuni mwa bolti. Kuanzia hapo risasi imeshikwa. Ukighairi katikati ya safari na kuivuta bolti nyuma, risasi inarudi nayo, haibaki imekwama njiani. Ubunifu huo ni wa Mjerumani Paul Mauser, wa miaka ya 1890, na Wacheki waliurithi. Mbele ya nyati hutaki bunduki inayosukuma risasi bila kuishika, halafu wewe kwa kihoro unasukuma ya pili juu ya ile ya kwanza.

Ukucha huo huo ndio unaoeleza bei za Winchester Model 70, bunduki ya Mmarekani. Ilianza kuuzwa 1936, na mwaka 1964 kiwanda kikaubadilisha muundo ili kupunguza gharama, ukucha ukaondoka. Wawindaji hawakusamehe. Mpaka leo ya kabla ya 1964 na ya baada yake ni bidhaa mbili tofauti kwa mnunuzi anayejua, ingawa jina ni moja, na Winchester wenyewe waliurudisha ukucha miaka ya 1990. Ukiletewa Model 70 uliza namba yake kwanza, ndiyo inayosema mwaka, habari za kung'aa baadaye.

Kasoro ya ZKK ni sefti, kile kizuizi cha kuzuia bunduki isifyatuke. Kwenye hizi za zamani inakwenda kinyume na unavyotarajia: mbele ni salama, nyuma ni kupiga. Aliyezoea bunduki nyingine anaweza kubonyeza upande usio sahihi wakati mbaya kabisa. Wapo walioigeuza kwa fundi, na ukiigeuza umeipunguzia hadhi mbele ya mkusanyaji. Mimi nimeiacha, na simpi mtu mwingine kuishika bila kumwonyesha.

Sasa huduma. Nilipomaliza kuhamisha umiliki nilitaka kujua thamani yake, nikaipeleka kwa muuzaji mmoja ambaye sitamtaja. Aliitazama kwa sekunde chache, hakufungua bolti, akanitajia bei ya pikipiki iliyochoka. Halafu fundi wake akaja na wazo lake:

"Bosi, hii niachie siku mbili tu. Kitako nakipiga msasa, vanishi mpya, mtutu nautia rangi. Ukirudi hutaijua."

Nikaipokonya na kuondoka nayo. Kutoijua ndiko tatizo lenyewe. Kitako cha mti wa jozi kilichochakaa kwa mkono wa mwenyewe, na chuma kilichopauka pale kilipobebwa, ni ushahidi kwamba hakuna aliyeichezea. Msasa unamaliza kingo za nakshi na kuzungusha pembe za herufi, na mbao ikishapungua hairudi. Bunduki iliyong'arishwa namna hiyo inauzika kwa mtu asiyejua, na asiyejua huwa hana hela nyingi.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja mstaafu, mtu wa Pasiansi, aliyeshika bunduki za namna hii kazini miaka mingi. Pasiansi kuna chuo cha askari wa wanyamapori tangu 1966, kwa hiyo ule mtaa una wazee wanaojua mambo haya kuliko maduka yote ya mjini. Hakuanza na mtutu. Alianza na skrubu.

"Mwanangu, tazama vichwa vyake. Havijatafunwa. Aliyeifungua alikuwa na bisibisi yake, au haijafunguliwa."

Akatoa bolti, akalinganisha namba yake na ya kwenye mwili wa bunduki. Zinalingana. Zisipolingana, kwa mkusanyaji bei inaporomoka, na kwa mpigaji kuna hatari pia, kwa sababu bolti ya bunduki nyingine huenda haikai sawasawa kwenye chemba, pale risasi inapolala. Akamulika tochi kutokea nyuma: mistari ya ndani ya mtutu bado mikali, ila karibu na mdomo kuna sehemu imelika kidogo. Akasema hiyo si ya risasi, ni ya fimbo ya kusafishia iliyokuwa inaingizwa kwa mbele bila uangalifu. Mwisho akapitisha kidole nyuma ya ulimi wa chuma pale unapokutana na mbao, akitafuta ufa, maana .375 inapiga teke na kitako kisichokaa vizuri hupasukia hapo. Haukuwepo. Mhuri wa Kicheki una tarakimu 71 pembeni, mwaka iliyojaribiwa. Kile kitundu cha kulengea kinachoinuka mgongoni, ambacho ZKK za baadaye hazikuwekewa, bado kipo na kinafanya kazi. Mzee alikibonyeza mara mbili, akacheka peke yake.

Hakunitajia bei. Aliniuliza swali moja: "Risasi zake unapata?"

Hilo ndilo swali la soko la huku. Kaliba ya .375 ipo tangu 1912 na bado inatengenezwa na viwanda vingi, tena ndiyo inayohesabiwa kuwa ya chini kabisa inayofaa kwa nyati na wanyama wengine hatari. Kwa hiyo bunduki yake haifi. Linganisha na .404 Jeffery, ambayo idara za wanyamapori za Afrika Mashariki ziliitegemea sana wakati wa Mwingereza, au .318 Westley Richards. Kynoch, kiwanda cha risasi cha Uingereza, waliposimamisha utengenezaji wa risasi hizi kubwa za Kiingereza, bunduki nzuri ajabu zikabaki mapambo ya kabati. Zimefufuka baadaye kwa kiasi, ila risasi zake ni za kuagiza, na kuagiza risasi si kama kuagiza simu. Kwa mkusanyaji wa Ulaya Mauser ya .404 yenye jina la Jeffery, muuza bunduki wa London, ni lulu. Kwa mtu wa Magu anayetaka kuwinda kihalali ni mzigo wenye leseni.

Jina na historia navyo vinalipa, lakini kwa ushahidi. Rigby ya .275 aliyopewa Jim Corbett, mwindaji maarufu wa India, mwaka 1907 baada ya kumuua chui milia mla watu wa Champawat ilikuja kununuliwa tena na Rigby wenyewe, watengeneza bunduki wa London. Ni Mauser tu yenye kazi safi ya London, thamani imetoka kwa aliyeishika, na jambo hilo limeandikwa. Ukiambiwa "hii ilikuwa ya Mjerumani wa boma la Mwanza" na hakuna hata karatasi moja, hiyo ni hadithi, isikilize na chai ila usiilipie.

Kuhusu makaratasi, usidanganyike kwamba bunduki ya marehemu ni kama ng'ombe wa marehemu. Inakwenda polisi kwanza, kisha anayeitaka anaomba umiliki kwa jina lake chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Mtaa, kata, wilaya, alama za vidole, na subira. Ndugu zangu wengine walitaka tuiuze kabla ya hapo "kimya kimya". Mzee wa ukoo akawakatalia, na bunduki ikabaki na historia safi. Bunduki ya zamani isiyo na karatasi bei yake ni sifuri, na juu ya sifuri unaongezewa kesi.

Jambo ambalo maelezo ya Wazungu hayakuambii ni hewa ya ziwa. Ninakaa Nyegezi. Ukiacha chuma bila mafuta wakati wa masika unakikuta na vitundu vya kutu vyekundu kama vipele, na vikishachimba haviondoki bila kula chuma. Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, hata kama ala ndiyo iliyokuja nayo na ni nzuri, maana ngozi inatunza unyevu. Ala iweke kando, nayo ina bei yake. Kwenye sefu iegemeze mdomo ukitazama chini. Ukiisimamisha kinyume, mafuta yanateremka miaka na miaka mpaka kwenye kitako, mbao inakuwa nyeusi na laini, na teke la .375 linamalizia kazi. Na usipake oili ya pikipiki.

Kwa hiyo ya kununua ipi? Kama ni ya kupiga, ZKK 600 au 602 yenye namba zinazolingana, au CZ 550 iliyoirithi ambayo sefti yake inakwenda sawa. Kama ni ya kutunza, Mauser ya Oberndorf (kiwanda cha Mauser chenyewe, Ujerumani) ya kabla ya vita ambayo haijaguswa, na ujue kwamba mnunuzi wako hayuko Mwanza, na kuitoa nchini ni msururu mwingine wa vibali. Zile .303 za jeshi la Mwingereza zilizokatwa mbao zikageuzwa za kuwindia, nyingi zimepoteza thamani ya jeshi bila kupata ya uwindaji. Ukipewa bei ya chini ni sawa, ya juu kataa.

Yangu naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na sefti.