Hita mbili za dizeli kwenye lori moja: uzoefu wangu wa majira ya baridi

Lori langu lina hita mbili za dizeli: ndogo ya kupasha kebini, na kubwa ya kupasha kulanti ya injini, yaani maji ya kupozea injini. Nimezitumia kwenye baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri na nimezifungua zote kwa mikono yangu. Ninaandika kwa sababu madereva wengi hununua ile ya kebini wakidhani wamemaliza kazi. Wanalala vizuri, wanaamka na joto, wakipiga stata injini haiwaki.

Nianze na ndogo. Ni ya kilowati 2, imefungwa chini ya kitanda. Inavuta dizeli kutoka kwenye tangi la lori, inaichoma ndani ya chemba iliyozibwa, moshi unatokea nje kwa bomba lake, na feni inapitisha hewa ya kebini kwenye chuma kilichopata moto. Hewa unayovuta wewe na hewa inayoungua hazikutani. Kebini ikishapata joto, hita inashuka yenyewe na kutumia kama lita 0.1 kwa saa. Hata ikifanya kazi kwa nguvu zote haifiki lita 0.3. Injini ya lori kubwa ikiachwa ingurume tu wakati umelala inakunywa karibu lita 3 kwa saa. Ukilala kwa muda wa saa nane, hizo ni lita 24 dhidi ya mbili na kidogo, hata hita ikiwa kwa nguvu zote.

Na si mafuta peke yake. Injini inayonguruma bila mzigo kwenye baridi haipati joto la kutosha kuunguza dizeli sawasawa. Masizi yanajaa kwenye filta ya moshi, na dizeli isiyoungua inachuruzika kwenye kuta za silinda hadi kwenye oili. Dereva anaamini anaitunza injini, kumbe anaila.

Kinachonikera kwenye hita hii ni pampu yake ya mafuta. Inagonga tik, tik, tik usiku kucha, na ukiifunga moja kwa moja kwenye chesisi, chuma chote kinaitikia mpaka kwenye mto wa kulalia. Niliihamishia kwenye kishikio cha mpira na kuiinamisha, upande wa kutokea mafuta ukiwa juu, ili mapovu ya hewa yasibaki ndani. Sasa naisikia nikiitafuta tu.

Ile kubwa ndiyo ninayoipenda kwa dhati. Ni ya kilowati 5, imeunganishwa kwenye njia ya kulanti, na pampu yake ndogo inazungusha kulanti yenye joto ndani ya bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, injini ikiwa imezimwa. Naitegesha iwake kama saa nzima kabla ya safari. Injini ya dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Bloku ikiwa baridi kama barafu inalinyonya joto hilo kabla mafuta hayajashika moto. Bila hita utasikia stata ikijivuta kwa uzito, injini ikigonga, na moshi mweupe ukitanda nyuma. Nikiwa nimeipasha, inashika papo hapo na kutulia. Faida nyingine ni kwamba kipasha joto cha kawaida cha lori kinatoa hewa ya moto tangu mwanzo, kwa hiyo kioo cha mbele kinayeyuka bila kukwangua.

Lakini hita ya kulanti haipashi oili iliyo chini kwenye sampu, yaani bakuli la oili, na hapo wauzaji hunyamaza. Namba iliyo kabla ya W kwenye kopo la oili huonyesha inavyohimili baridi, na ndogo ndiyo bora: oili ya 15W hupimwa kwa kupiga stata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri; ya 5W hupimwa kwenye 30 chini. Mahali penye baridi kali mimi naweka 5W-40, mradi mtengenezaji wa injini anairuhusu.

Betri pia. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, betri ya risasi na asidi inabaki na karibu nusu ya nguvu yake ya kupiga stata. Hita zote mbili hula umeme mwingi zinapojiwasha, kisha kidogo tu baada ya hapo. Hita nzuri hujizima volti za betri zikishuka, na usikubali kununua isiyo na kinga hiyo. Betri iliyochoka haiokolewi na hita.

Hita inakunywa dizeli ileile ya injini, na kupitia bomba la mpira jembamba zaidi. Nta iliyomo ndani ya dizeli ikianza kuganda kwa baridi, mpira huo unaziba mapema. Jaza dizeli ya majira ya baridi, na kama unatumia dawa ya kuzuia kuganda, itie kabla nta haijajitokeza. Ikishaganda, dawa hiyo haiyeyushi kitu.

Kwa anayelala kila siku kwenye yadi yenye umeme, nisingemshauri anunue hita kubwa ya dizeli. Hita ya umeme ya bloku, ya wati 1,000 hadi 1,500, ikichomekwa saa tatu au nne kabla ya kuondoka inatosha, na haina cha kuziba wala kuungua.

Jambo ambalo silifanyii mzaha ni moshi. Gereji iliyonifungia hita ya kebini iliacha mdomo wa bomba la moshi karibu kabisa na mahali hita inapovutia hewa safi ya kupuliza kebini. Moshi huo una kabonimonoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, na mtu aliyelala haamki. Nililikata na kulielekeza upande wa pili, mdomo ukitazama chini, nikaweka king'ora cha gesi hiyo karibu na kichwa cha kitanda. Theluji ikilundikana chini ya lori, shuka uifukue kabla ya kuwasha hita.

Ukizima hita, izime kwenye swichi yake na uiache feni izunguke dakika chache mpaka inyamaze yenyewe. Ukikata umeme mkuu wakati chemba ina moto, unaiharibu. Mara mojamoja iache ifanye kazi kwa nguvu zote ili masizi yaungue, na hata majira ya joto iwashe walau mara moja kwa mwezi, maana dizeli iliyokaa kwenye pampu na mpira hugeuka gundi, na utaligundua hilo usiku wa kwanza wa baridi.