Ganzi ya neva bila altrasaundi: kisogoni sawa, shingoni hapana

Kuchomwa ganzi ya neva kwa kupapasa tu, bila altrasaundi wala eksirei, si huduma ya kukataa moja kwa moja. Swali ni sindano inaelekea wapi, na jirani yake kuna nini.

Kwa neva ya kisogo, inayochomwa kutuliza kipandauso na maumivu ya nyuma ya kichwa, tunaipa alama nzuri. Daktari anapapasa nundu ya kisogo, kisha mfupa wa nyuma ya sikio. Kwenye theluthi ya kwanza kutoka nunduni anatafuta mpigo wa ateri kwa ncha ya kidole, na kuchoma upande wake wa ndani. Sindano ni nyembamba, geji 25 au 27, na dawa ni mililita 2 hadi 3 za lidokeini au bupivakeini. Ikigusa mfupa anairudisha kidogo, anavuta bomba kuona kama damu inaingia, ndipo anasukuma polepole. Ganzi ikipanda kuelekea utosini, imeshika penyewe. Steroidi, dawa za kupunguza uvimbe, zikichanganywa humo, nywele za hapo zinaweza kunyonyoka na ngozi kubonyea. Aliyewahi kufunguliwa fuvu kwa nyuma asikubali kupapaswa tu: mfupa wa kuizuia sindano huenda haupo.

Ganzi ya kidole nayo haidai mashine.

Juu ya mtulinga ni habari nyingine. Pafu liko karibu mno, na sindano ikipitiliza, hewa inavuja kifuani. Shingoni kuna ateri inayopanda kwenye ubongo. Ganzi kidogo tu ikiingia humo, degedege ni papo hapo. Sindano za steroidi kwenye uti wa mgongo ndizo mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilizitolea onyo mwaka 2014, kwa sababu ya kiharusi, upofu na kupooza. Picha hupunguza hatari hizi, haizimalizi. Bila picha, tungeondoka.

Palipo na dozi kubwa, ulizia hesabu. Lidokeini ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa mililita. Isipochanganywa na adrenalini, mtu wa kilo 60 asipite miligramu 270, yaani mililita 27. Uliza pia kama Intralipid ya asilimia 20, mafuta ya kutiwa mshipani ganzi ikigeuka sumu mwilini, ipo chumbani, si stoo. Dawa za kuzuia damu kuganda zitaje mapema. Ukisikia ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma, au maumivu yanayopiga kama shoti dawa inaposukumwa, sema hapohapo. Daktari anayekuambia uvumilie anakosea.