Zoom H1n kwa mtafiti wa sanaa za maonyesho: zima AUTO LEVEL

Kwa anayerekodi michezo ya jukwaani ili aje aichambue, kinasa sauti hiki kidogo kinatosha kabisa, kwa sharti moja: AUTO LEVEL, yaani kinasa kujirekebishia chenyewe kiwango cha sauti, izimwe kabla pazia halijafunguliwa. Ikiwashwa, hupandisha minong'ono na kubana vishindo. Mwigizaji akinyamaza, kikohozi cha mtu wa safu ya tatu kinapaa mpaka kinalingana na maneno yaliyotangulia. Kicheko kikilipuka, kinafinywa. Ukirudi kusikiliza, huwezi tena kupima ni mzaha upi uliowagusa watazamaji zaidi. Ushahidi umeshaharibika, na hakuna programu itakayourudisha ulivyokuwa.

Chagua WAV (faili ya sauti isiyobanwa), 48 kHz, biti 24. Kwenye mazoezi, omba waigizaji warudie onyesho lenye kelele kuliko yote, zungusha kidhibiti cha mbele mpaka kilele cha sauti kwenye skrini kifike karibu na -12 dB, kisha usikiguse tena. Kosa la kawaida ni kuandama mnong'ono wa kwanza kwa kuongeza sauti. Ngoma zikiingia, rekodi inapasuka. LO CUT nayo ikae imezimwa palipo na ngoma, maana inakata mvumo wa chini.

Kwa mpangilio huo saa moja hula takriban GB 1, na kadi ya kumbukumbu (microSD) kubwa kabisa inayokubaliwa ni ya GB 32. Faili ikifika GB 2 hukatika na nyingine kuanza, kwa hiyo mchezo unaozidi saa mbili utaunganisha vipande. Tia betri mbili mpya za AAA kila onyesho. Kadi ya kununua Luthuli Avenue, Nairobi, ijaze mafaili pomoni uisome tena kwanza. Za bandia hudai GB 32 na kubeba chache.

Udhaifu wake mkubwa ni mwili wa plastiki: ukikishika mkononi, kila mguso wa kidole unasikika. Kifunge kwenye kistendi, chini yake uweke sponji, la sivyo nyayo za waigizaji zitapita kwenye mbao. Anayechunguza hadhira atumie viwili, kimoja kikielekea viti. Gonga viganja mara moja mwanzoni na mara moja mwishoni ili uweze kuzioanisha rekodi hizo mbili, kwa kuwa saa za vifaa viwili huachana taratibu.

Idhini ya maandishi ichukuliwe kabla hata ya jaribio lile la kelele. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa mwigizaji haki ya kukubali au kukataa kurekodiwa, na mazoezi pia ni uigizaji.