Wakili wetu wa jinai pale mahakama ya Kisutu, Dar, nampa nyota nne na nusu

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye ndugu yake kakamatwa jana na leo hajui aanzie wapi, maana mwaka juzi nilikuwa hivyo hivyo. Jina la wakili siweki, sijamuomba ruhusa, ila nieleze huduma yake ilivyokuwa.

Mdogo wangu alikuwa anauza spea za simu Kariakoo, dukani kwa mtu. Stoo ikahesabiwa ikaonekana mzigo wa milioni sita na laki nne haupo, akakamatwa, akafunguliwa kesi ya wizi akiwa mtumishi. Sisi kwa kuchanganyikiwa tukaangukia kwa kijana mmoja tuliyemkuta nje ya mahakama, kavaa suti nzuri kashika mafaili, akachukua laki nane akasema ya kumalizana na watu wa ndani, na baada ya wiki simu haipatikani. Kumbe hata wakili hakuwa. Mahakama ina mfumo unaitwa e-Wakili, unaingiza jina la mtu unaona kama yumo kwenye orodha na kama ana leseni ya mwaka huo, ni bure na ni dakika mbili tu. Jamani angalieni kwanza kabla hela haijatoka mkononi.

Huyu mzee, wakili wetu wa kweli, tulielekezwa na mama mmoja tuliyekuwa tunapanga naye foleni ya kupeleka chakula mahabusu. Ofisi yake ni chumba kimoja ghorofa ya pili maeneo ya Posta, feni inapiga kelele, mafaili mpaka chini. Anafanya kesi za jinai zaidi ya miaka ishirini na tano, na kabla ya hapo alikuwa upande wa mashtaka, kwaiyo anajua faili linavyojengwa kule. Kitu cha kwanza nilichomuuliza ni "mzee, tutashinda?" Akaniambia, "Dada, mimi siuzi ushindi, nauza kazi. Lete karatasi zote ulizonazo, hata ile unayoona haina maana." Nikajua hapa ndo penyewe, maana yule wa mwanzo alituahidi kila kitu.

Dhamana alishughulikia ndani ya siku mbili. Alituandikia kwa mkono vitu vya kuleta, wadhamini wawili, barua za serikali ya mtaa, vitambulisho vya NIDA na kopi zake, akatuambia barua iwe na mhuri unaosomeka maana watu wanarudishwa mahabusu kwa sababu ya mhuri tu. Kweli siku ile kuna familia ilirudishwa, yule mtoto wao akapanda karandinga kurudi gereza la Keko mama yake analia pale nje, mpaka leo sijasahau.

Baada ya hapo ikawa ni kesi kutajwa, kutajwa, kutajwa, yaani unapewa tarehe nyingine tu, upelelezi haujakamilika. Hapa hakuna wakili wa kukufanyia miujiza, ni subira na nauli.

Sasa kesi ilipoanza kusikilizwa ndo nikaona miaka yake imekaa wapi. Upande wa mashtaka walikuwa wanategemea maelezo ya onyo, ile karatasi aliyosaini mdogo wangu kituoni kwamba amekiri. Sisi wote tulikuwa tumeisoma ile karatasi, mi mwenyewe nimeisoma mara kumi, hakuna aliyeona kitu. Mzee akaweka kidole pale juu kwenye saa. Alikamatwa saa tatu asubuhi, maelezo yameanza kuandikwa saa kumi jioni. Sheria inawapa polisi masaa manne ya kumhoji mtu tangu wamkamate, wakitaka zaidi waombe kuongezewa, na hakuna pa kuonyesha waliomba. Hakimu akasimamisha kesi kwanza asikilize hiyo hoja. Askari akasema muda mwingine ulienda njiani, na ni kweli muda wa kumsafirisha mtuhumiwa haumo kwenye yale manne. Mzee hakupandisha sauti, akamuuliza tu walimkamatia wapi. Kariakoo. Kituo kiko wapi? Kariakoo. Mlitembea au mlipanda gari? Tulitembea. Akasema "Sina swali lingine mheshimiwa," akakaa chini. Mimi pale nyuma mikono inatetemeka.

Maelezo yakakataliwa. Yakabaki mahesabu ya stoo, na kwenye maswali ya dodoso, yale wakili anayomuuliza shahidi wa upande wa pili, mwenye duka mwenyewe akakubali funguo walikuwa nazo watu watatu. Baada ya mashahidi wao wanne hakimu akasema mshtakiwa hana kesi ya kujibu, yaani ushahidi wao hautoshi hata kumtaka ajitetee, akaachiwa. Mama alielewa kila neno, maana tangu sheria ibadilishwe 2021 Kiswahili ndo lugha ya mahakama, na huyu mzee aliyesoma sheria yote kwa kiingereza anajenga hoja kwa Kiswahili kilichonyooka mpaka raha kusikiliza.

Gharama. Kumuona mara ya kwanza elfu hamsini, kesi nzima milioni mbili na nusu tukalipa kwa awamu tatu, kila hela na risiti yake. Sio ndogo kwetu, tuliuza pikipiki. Ila hakuna hata siku moja aliyosema kuna hela ya hakimu au ya mtu yeyote, na nilipomuuliza kama tuandae kitu alikasirika kabisa, akaniambia nikirudia hilo swali nitafute wakili mwingine.

Nusu nyota nimekata kwa sababu ya simu. Hapokei. Unaweza kupiga siku nzima, ujumbe anajibu saa nne usiku kwa maneno mawili, na kwa mtu ambaye ndugu yake yuko ndani hayo ni mateso, karani wake angeweza kupokea hata kutuambia tarehe tu. Tukazoea kumfuata. Ukitaka kumpata uwe pale ofisini saa moja na nusu asubuhi, kabla hajabeba joho kwenda mahakamani, na uende na karatasi zako zote.