TAHADHARI na mafundi wa "madabodi imeliwa na chumvi" hapa Malindi

Jamani wenye laptopu hapa Malindi, hili limenikuta mimi mwenyewe na bado linaniuma. Kazi yangu ni kuchapa kadi za harusi na barua za watu, sasa mashine ikaanza kuganda, nikifungua tu Chrome, ile brauza ya kuingilia intaneti, nianze kazi dakika mbili hazipiti, kishale hakitembei, feni yavuma kama jenereta. Nkaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Kaishika nusu saa akaniambia madabodi, ile bodi kuu ya ndani, imeliwa na hewa ya chumvi, shilingi 8,000, nitangulize 3,000. Na sisi wa pwani twajua chumvi inavyokula mabati, nkaamini, nkamtumia M-Pesa papo hapo.

Siku tatu "iko kwa meza". Kuirudisha nyumbani, jioni ileile ikaganda! Mpwa wangu ndiye alobonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ikafunguka Task Manager, ile inayoonyesha programu gani inatumia nguvu za mashine, tukaona Chrome imekamata prosesa karibu yote. Akaingia Chrome yenyewe akabonyeza Shift na Esc, ikatoka orodha ya kurasa zake, kumbe ni ukurasa mmoja tu, ule wa dizaini za kadi, JavaScript yake, yale maagizo yanayouendesha ukurasa, yazunguka haina mwisho, na nilikuwa nimeiweka Chrome iendelee nilipoachia kwa hivyo kila nikiifungua inaurudisha uleule. Akauzima, mashine ikatulia tuli. Madabodi haina ubaya wowote.

Sasa subirini. Kwenye hiyo Task Manager sehemu ya memori inasoma GB 4, na mimi nilinunua ya 8, risiti ninayo. Fundi kachomoa ramu moja, kile kipande cha memori! Yaani nimemlipa mtu aniibie.

Kwa hivyo laptopu ikiganda, iwasheni kwanza bila kufungua brauza, ikifanya kazi zengine vizuri masaa mawili matatu basi anzeni kutafuta huko kwenye kurasa kabla hamjatoa hata shilingi, na Chrome ikiwauliza irudishe kurasa zilizokuwa wazi kataeni. Ikibidi iende kwa fundi, fungueni Task Manager mbele yake, pigeni picha ile memori, na yeye aone mnapiga.

Ramu yangu hajairudisha, 3,000 pia, na tangu juzi nikimpigia hashiki simu. Kama kuna mwengine aliyeambiwa hii habari ya chumvi aje inbox, twende kwake pamoja.