Stevia ya vipakti: kwenye chai ya rangi safi, kwenye maandazi sahau

Mnaoulizia ile stevia ya vipakti (kitamu cha mmea kinachowekwa badala ya sukari) inayouzwa supamaketi na maduka ya dawa hapa Dar kama inafaa, mimi ninayo nyumbani kwa ajili ya mama, ana kisukari na chai haachi hata umfanyeje.

Kwenye chai ya rangi yenye tangawizi na mdalasini iko poa kabisa, kipakti kimoja kikombe kimoja, ukizidisha tu unakuja ule uchunguuchungu unaoganda kwenye ulimi. Ya maziwa inakunywika ila inakuwa nyepesi. Juisi ya ukwaju ndo imenishangaza, ule ukali unafunika uchungu wote. Maandazi sasa, aisee, achana nayo, maana sukari kwenye unga sio utamu peke yake, ndo inayolainisha na kuleta ile rangi ya kahawia, ya stevia yalitoka meupe halafu makavu, watoto waliyakataa.

Halafu geuza boksi usome nyuma. Stevia yenyewe ni tamu kuliko sukari mara 200 mpaka 300, yaani inahitajika chembe tu, kingine chote humo ni cha kujazia. Kwenye boksi langu kilichoandikwa mwanzo kabisa ni dekstrosi, ambayo ni glukosi hiyohiyo tunayoikimbia! Kwa kikombe kimoja haina neno, ni kidogo sana, ila mwenye kisukari asimimine vipakti kwenye jagi zima la juisi akijua ni sifuri. Kuna zilizojazwa erithritoli, kitamu kingine mbadala, hiyo haipandishi sukari ya damu, ila ukiibugia tumbo litajaa gesi.

Kilichonikera ni bango la dukani, "inapunguza uzito". Wakati WHO (Shirika la Afya Duniani) mwaka 2023 walishasema hivi vitamu mbadala, stevia ikiwemo, visitumike kama njia ya kudhibiti uzito, kwa muda mrefu faida haionekani (ushauri huo haukuwagusa ambao tayari wana kisukari). Nikamuuliza muuzaji, kacheka, "dada, wateja ndo wanachotaka kusikia", hapohapo akanisogezea chupa ya asali eti mama atumie tu hiyo ni ya asili haina shida. Asali! Si sukari hiyo hiyo jamani, inapandisha vilevile.

Bei imechangamka kuliko sukari ya kilo, ila kwa chai ya mama nitaendelea kununua, duka ndo nitabadilisha.