POEM kwa akalasia: nyota nne, na ile ya tano nimeibania

Nyota nne kwa POEM, upasuaji wa kamera kupitia mdomoni niliofanyiwa kwa akalasia, ugonjwa wa umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) unaofanya chakula kikwame. Sababu ya kuibania ya tano nitaisema huko mbele. Nianze na koo.

Kwa miaka minne nilikula nikiwa na glasi ya maji pembeni, kama mtu anayesubiri moto uwake auzime. Tonge likikwama nasimama, nainua mikono juu, navuta pumzi, nagugumia maji mpaka uzito wake ulisukume lishuke. Likigoma, nakimbilia bafuni. Usiku nililala kwa mito mitatu, na bado kuna asubuhi niliamka na chakula cha jana mdomoni, kikiwa na ladha ileile niliyokimeza nayo, bila uchachu wowote. Hilo la ladha lingetosha kumshtua daktari wa kwanza, maana chakula kilichokwisha kufika tumboni hakirudi hivyo. Hakuuliza. Aliniandikia dawa za asidi, mwaka ukaisha, akaniandikia nyingine. Nikapitishiwa kamera, jibu likaja kwamba umio ni msafi, niendelee na vidonge.

Kumbe akalasia inaweza kuiponyoka kamera, hasa mwanzoni, kwa sababu haina kidonda wala uvimbe wa kuonyesha. Kinachoharibika ni neva zinazoiamuru misuli ya chini ya umio ilegee. Zikifa, mlango wa kuingilia tumboni unabaki umebana, na umio nao unaacha kusukuma chakula kwa mpangilio. Mimi nilitolewa gizani na vipimo viwili. Cha kwanza ni bariamu, ule mchanganyiko mweupe unaounywa mbele ya eksirei: picha yangu ilionyesha umio mpana juu, ukachongoka chini kama mdomo wa ndege. Cha pili ni manometria, mrija mwembamba unaopitishwa puani kupima msukumo wa misuli huku ukimeza maji kidogo kidogo. Huo mrija wa puani ndio ulionitesa kuliko upasuaji wenyewe, na hakuna aliyenionya.

Daktari bingwa wa pili aliniwekea njia tatu mezani. Kuupanua mlango uliobana kwa puto. Upasuaji wa Heller wa kuikata misuli inayobana, uliokuwepo tangu 1913, ambao siku hizi hufanywa kupitia vitundu tumboni. Na POEM, iliyofanywa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 2008 na Haruhiro Inoue huko Japani, ambayo haiachi kovu nje kwa sababu kila kitu kinapita mdomoni. Kuhusu puto alinionyesha utafiti uliochapishwa 2019: baada ya miaka miwili POEM ilikuwa bado inafanya kazi kwa wagonjwa 92 katika kila 100, puto kwa 54. Puto nikaliaga hapo hapo.

Kisha akachukua kalamu akanichorea, na kwa mchoro ule peke yake ningempa nyota mbili. Umio una tabaka: utando laini ndani, misuli nje, na katikati tabaka legelege. Anadunga maji yenye rangi ya buluu kwenye tabaka hilo, utando unavimba kama lengelenge, anaupasua kama sentimita mbili, halafu anaiingiza kamera ndani ya ukuta wenyewe. Anachimba handaki kati ya utando na misuli, akishuka mpaka apite mlango wa tumbo kwa sentimita mbili au tatu. Akiwa humo anakata misuli ya mviringo inayobana, kisha anarudi nyuma na kufunga tundu la kuingilia kwa klipu ndogo za chuma, ambazo baadaye huanguka zenyewe na kutoka na choo. Uzuri wa handaki ni kwamba misuli inakatwa mahali pamoja na mlango wa handaki uko kwingine, kwa hiyo utando mzima unabaki umeifunika sehemu iliyokatwa.

Siku mbili kabla nilikunywa vitu vya majimaji tu, kwa sababu umio wa akalasia huhifadhi chakula, na ukilazwa kwa nusukaputi kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Nilipoamka nilikuwa na maumivu nyuma ya mfupa wa kifua, na shingo yangu ikiguswa ilisikika kama karatasi inayokunjwa. Nilidhani nimekufa nusu. Nesi akacheka, akanieleza ni gesi ya kabonidioksidi (hewa ukaa) iliyopenya chini ya ngozi. Wanaitumia badala ya hewa ya kawaida kwa sababu mwili huinyonya haraka. Kesho yake mchana shingo ilikuwa kimya. Asubuhi hiyo walikuwa wameninywesha dawa ya picha kuangalia kama kuna mahali panavuja. Hapakuwa. Siku ya tatu nikaruhusiwa, na maagizo ya kula vilaini kwa wiki mbili.

Kuna kipimo cha maswali kinachoitwa Eckardt: kukwama, kucheua, maumivu ya kifua na kupungua uzito, kila kimoja alama 0 hadi 3. Niliingia na 9. Baada ya miezi mitatu nilikuwa na 1.

Sasa nyota ya tano. Mwezi huohuo wa tatu kilinianza kiungulia cha kuniamsha usiku, na kamera ikakuta michubuko chini ya umio. Mlango uliofunguliwa ili chakula kishuke unaacha pia asidi ipande. Wanaofanya Heller hukunja sehemu ya tumbo kuwa kizuizi. POEM ya kawaida haina kitu hicho. Utafiti mwingine wa 2019 uliwalinganisha wagonjwa 221: mafanikio yalikaribiana mno, 83 kwa 100 kwa POEM na karibu 82 kwa Heller, na madhara makubwa yalikuwa machache zaidi kwa POEM. Ila miaka miwili baadaye michubuko ya asidi ilionekana kwa 44 katika 100 upande wa POEM na 29 upande wa Heller. Takwimu hizo nilizisoma mwenyewe, nikiwa nimeshakatwa. Kwenye fomu niliyosaini kiungulia kilikuwa mstari mmoja, na nilipouliza nikaambiwa "kitu kidogo, kuna vidonge". Yule aliyenichorea mchoro mzuri vile alishindwa nini kuchora na mshale mmoja unaopanda?

Kwa hiyo vile vidonge nilivyomeza miaka minne kwa ugonjwa nisiokuwa nao, sasa navimeza kwa ugonjwa nilio nao. Nimecheka peke yangu mara nyingi kwa hili.

Ningechagua tena POEM? Ndiyo, ila ningeanza na swali la asidi, na ningedai tarehe ya kamera ya marudio kabla ya kusaini. Kwa sasa ni kidonge kimoja asubuhi kabla ya kula, miguu ya kitanda imeinuliwa upande wa kichwani, na mto mmoja. Glasi ya maji bado naiweka mezani kwa mazoea. Juzi nilimaliza kula nikaikuta imejaa.